Oili Inayopanda

3 Machi

Binti yangu fundi,

Hujambo huko? Mimi mzima, ila masikio yamenigomea kabisa, kwa hiyo usihangaike na simu. Katrekta ka marehemu baba yako kananizimikia katikati ya bustani. Watu wanasema ni pampu ya petroli. Sasa pampu ndiyo ipi? Humo ndani vyuma vimejazana kama droo ya vijiko.

Mama yako

9 Machi

Shikamoo mama,

Nimefurahi kusikia u mzima. Fuata bomba linalotoka kwenye tangi. Litakupeleka ubavuni mwa injini, kwenye chuma kilichofungwa kwa bolti mbili. Hiyo ndiyo pampu. Tazama kama inavuja, pima na oili kwa kijiti chake, uniandikie kila unachokiona hata kama ni upuuzi.

Mwanao

15 Machi

Binti yangu,

Salamu nyingi. Pampu nimeiona, chini ina kikombe cha kioo, na nje ni kavu. Sasa sikia habari njema. Oili, badala ya kupungua, imepanda hadi kupita alama ya juu ya kijiti, na mimi sijatia hata tone! Ni baba yako mdogo. Tangu tugombane siku ya mazishi hatusemezani, lakini ufunguo wa stoo ya trekta anao. Aibu imemshika, ananiongezea kimyakimya. Nilikwenda kumshukuru, akanikodolea macho tu, kisha akanipigia kelele sikioni kwamba Jumamosi atakuja kuiwasha aisikilize. Mvua ikinyesha tutafunga mlango. Najua atakuja na sigara mdomoni, lakini ugomvi nimeuchoka.

Mama yako

20 Machi, Ijumaa

Mama,

Salamu baadaye. MSIIWASHE. Hakuna anayekuongezea oili. Ndani ya pampu kuna kiwambo cha mpira. Kimechanika, na petroli inamwagikia kwenye oili ya injini. Nusa kijiti. Kikinuka petroli, tokeni nje nyote wawili, na ile sigara iwe mbali kabisa. Baba mdogo hapatikani kwenye simu tangu asubuhi. Barua hii na kiwambo kipya nampa dereva wa basi la alfajiri, nimemwapisha. Naogopa, mama.

Mwanao

24 Machi

Mama,

Siku nne sasa, na simu ya baba mdogo bado haipatikani. Dereva anasema alimpa mtu pale kituoni, na hamkumbuki. Silali. Nijibu hata neno moja.

Mwanao

25 Machi

Binti yangu,

Tu wazima. Nisamehe kwa kuchelewa kuandika.

Barua ilifika baba yako mdogo ameshainama juu ya injini, mlango umefungwa. Nilisoma hadi kwenye neno sigara, nikamnyang'anya sigara mdomoni, nikakimbia nayo mvuani. Kisha nikarudi kunusa kijiti. Petroli tupu! Tukatoka nje wote wawili, nikakaa kwenye tope. Kumbe shemeji hakuongeza hata tone, lakini shukrani alishazipokea, basi tumepatana hivyo hivyo.

Tulimwaga oili yote nje. Tukachora mstari ubavuni mwa pampu kabla ya kuifungua, ili irudi ilivyokuwa. Kiwambo kilikuwa na mpasuko kama ukucha. Tumeweka kipya, na oili mpya.

Iko tayari tangu Jumapili. Shemeji anataka tuiwashe, nami nimemficha ufunguo wa trekta. Anadhani nakungoja kwa kuwa wewe ndiye fundi. Ukweli ni kwamba naogopa. Kila asubuhi naweka mkono kwenye swichi, nautoa. Siku ya mazishi ulinisifu kwamba sikulia. Nilikuwa nangoja uondoke kwanza.

Safari hii usiniandikie maelekezo. Njoo.

Mama yako