Baba Yake Mama

Ijumaa, 29 Juni 1962

Mahajanga. Bendera za sikukuu ya uhuru bado zinaning'inia barabarani, upepo umezichakaza. Nilikuwa nakata kitambaa cha harusi ya binti yangu Sittou alipoingia Mwalimu Soudjay. Nikamkaribisha kiti. Hakukaa. Hapo nikajua kuna jambo.

Yeye ndiye mjomba wa Fahardine, mchumba wa Sittou, na ndiye msemaji wa ukoo wao. Akasema kwa upole, kwa Kingazidja chake cha msikitini, kwamba watu wanaulizana. Mama yangu, Kadidja — baba yake nani? Wanasema alikuwa vazaha, Mzungu, polisi, akafia kisiwani Nosy Be. Je, alisilimu kabla ya kuoa? Maana kama hakusilimu, ndoa ile haikuwa ndoa, na Kadidja basi ni... Hakumalizia. Mstaarabu yule, hamalizi. Anataka jibu kabla ya Maulidi. Bila jibu, hakuna harusi.

Mama alikuwa nyuma ya pazia. Amesikia neno kwa neno. Nilipoingia alikuwa ameugeukia ukuta. "Mama," akaniambia — ndivyo anavyoniita, mimi bintiye, mwenye mvi sasa — "mama, uzee wote huu, leo ndiyo naulizwa nilivyozaliwa?"

Nimerudi kwenye kitambaa nikakata mkono wa gauni vibaya. Hasira.

Jumapili, 1 Julai

Mama hali kitu. Uji hataki, mchuzi hataki. Maradhi ya kifua anayo toka masika, lakini hili si la kifua. Hili ni la Mwalimu Soudjay.

Kaka yangu Hassane alikuja na mkate, akaanza kumshurutisha. "Hassane, niache," mama akasema. Mimi nikajaribu kumchekesha. Mbona yeye ni Hassane na mimi ni "mama"? Shuleni wasichana walinizomea kwa hilo. Jina si alinipa mwenyewe? "Ndivyo ulivyo," akasema. Basi. Jibu lile lile la tangu utotoni.

Halafu akaingiza mkono kiunoni, akafungua fundo la leso, akatoa kile kifungo cha koti. Nakijua. Tulipokuwa na homa alikitia kwenye maji tukanywa. Sikuwahi kukitazama vizuri. Kina kinubi, na juu ya kinubi taji. Akasema kilikuwa cha baba yake. Akasema Ambanoro, kule Nosy Be. Akasema nimtafutie ukweli, asife na neno lile shingoni.

Naandika haya kwa Kiswahili cha marehemu baba, mtu wa Unguja, aliyenifundisha herufi mezani pa cherehani yake. Hassane anasoma Kifaransa tu, na Sittou vilevile. Nikilia humu hakuna atakayejua.

Jumatano, 4 Julai

Nimekwenda misheni. Mimi, mjane wa Kiislamu, na buibui langu, kwa padri! Koulsoum jirani ameniona naingia. Mpaka jioni mtaa mzima utakuwa umeniona.

Padri ni mzee, haoni vizuri. Alikipapasa kifungo kwanza, kisha akakipeleka dirishani. Akasema ni cha polisi wa Ireland, wa enzi ya Waingereza. Watu wa pale pale walivaa nguo za mfalme mgeni wakawalinda wenzao. Nchi ilipopata uhuru wake, miaka arobaini iliyopita, kikosi kikavunjwa. Sasa huko kwao wengi hawapendi kusema kwamba babu yao alikuwa polisi yule.

Nikamwambia hata huku hatupendi.

Akacheka. Akasema naweza kuandika London, majina yao yamehifadhiwa. Majibu huchukua miezi. Sasa mimi nifanye nini na London? London wataniambia alizaliwa kijiji gani na alikuwa mrefu kiasi gani. Je, wataniambia kama alitamka shahada Ambanoro? Hilo aliyelisikia ni mtu wa Ambanoro, kama bado anapumua.

Jumamosi, 7 Julai

Meli ya pwani ya kwenda Nosy Be inaondoka kesho. Hassane anasema ni wazimu, mama mgonjwa na mimi naondoka. Sittou anasema tumwache Fahardine. Anasema hivyo huku macho yamevimba.

Nimemuaga mama. Amenishika kidole. Mikono yake imekuwa myepesi. Ee Mola, nipe mtu mmoja tu anayekumbuka.

Jumatano, 11 Julai

Hell-Ville, Nosy Be. Mji wote unanuka mlangilangi mpaka kichwa kinauma. Nimetapika njia nzima ya bahari. Nimefikia kwa Kouraichia, wa ukoo wa marehemu mume wangu, anauza samaki wa kukaanga karibu na soko.

Makaburi ya Wakristo nimeyapitia yote leo, jua likinipiga. Kila msalaba nimeusoma. Wafaransa, watawa, mabaharia. Wa Ireland hakuna. Nikafurahi! Nimesimama kati ya makaburi ya watu nafurahi kama mwendawazimu. Kama hayumo huku, basi yumo kwetu.

Nyumbani nikamkuta Kouraichia anamfukuza kitinda mimba wake aliyepanda meza ya samaki, uchi wa mnyama. "Baba, shuka! Baba, nakuomba shuka!" Nikacheka kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa ile. Mtoto amepewa jina la baba yake Kouraichia, na jina la mzazi halimtoki mdomoni, hata kwa kumgombeza mtoto. Mumewe ndiye anayemwita Ousséni, na ndiye anayempiga kofi. Kouraichia ataanzaje kumpiga baba yake?

Ijumaa, 13 Julai

Ambanoro. Nimempata! Yupo bikizee mmoja, Charifa, mdomo mchafu, anatema tumbaku huku na huko. Anasema Kisakalava, maneno yetu anachomeka anapotukana. Nikampa kipande cha kanga. Akakipima, akasema ni kifupi.

Anamkumbuka vazaha wa kifungo. Yeye alikuwa msichana mdogo. Vazaha alikuwa msimamizi wa shamba, nywele nyekundu, ngozi yake haikuzoea jua hata siku moja. Watu walimwita Yusufu. Nikauliza aliswali? Akasema aliswali, Ijumaa alikuja, na watoto walichungulia kumcheka, maana alisimama kama askari kwenye gwaride, mikono imenyooka mapajani, kidevu juu. Imamu akachoka kumrekebisha.

Machozi yalinitoka palepale. Babu yangu! Namwona kabisa.

Charifa akaendelea na mambo yake. Akaanza habari za mke wa Yusufu, mama yake Kadidja, jinsi alivyokuwa anapika mikate na kuwauzia vibarua, alivyokuwa mkali, alivyo... Nikamkatiza. Nikamwambia, bibi, huyo hana shida, Mwislamu wa kuzaliwa. Nionyeshe kaburi la mume. Akanuna. Akasema kesho.

Jumamosi, 14 Julai

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Zangu zimeishia ukutani.

Kaburi lipo. Mawe mawili, hakuna maandishi. Makaburi ya Waislamu ya zamani yalikuwa na ukuta, na ukuta ulianguka kitambo, mawe yake wamejengea majiko. Na babu yangu amelala pale pale ulipopita ukuta. Ndani au nje? Nimetembea kutoka pembe hadi pembe. Nimechimba kwa vidole kutafuta msingi. Ukiupima ukuta kuanzia upande wa bahari, yumo ndani na ndugu zake Waislamu. Ukianzia upande wa barabara, yuko nje, ametupwa. Nimejaribu tena na tena. Kucha zimevunjika.

Nikamrudia Charifa. Nikamwambia, njoo na mimi kwa Mwalimu wa hapa, useme mbele yake uliyoniambia jana. Akasema hakusema. Akasema aliyeswali mikono chini labda ni vazaha mwingine, yule wa kiwanda. Akasema Yusufu alikunywa ramu na kuimba. Au wote wawili ni mtu mmoja, yeye atajuaje, alikuwa mtoto! Na kwa nini namsumbua, kanga yenyewe fupi.

Nilipiga kelele. Mimi, kumpigia kelele mtu mzima, mbele za watu. Wakanitoa.

Nimeketi sasa kwa Kouraichia, udongo wa kaburini bado umo vidoleni. Nitamwambia nini mama? Nimwambie alisilimu? Ni nusu ya ukweli, au labda ukweli wote. Nimwambie sijui? Litamuua. Niape uongo kwa Mwalimu Soudjay, mkono juu ya msahafu? Nimeliwaza hilo. Nimeliwaza kwa muda mrefu.

Jumatatu, 16 Julai

Telegramu ya Hassane. Mama mahututi. Rudi.

Meli ni kesho. Leo hakuna chochote kinachoondoka. Nimekwenda bandarini mara ngapi sijui. La kuvunda halina ubani.

Alhamisi, 19 Julai

Nimefika, yu hai. Amekuwa mdogo kitandani. Macho yalinitambua. "Mama, umerudi," akasema, basi, akafumba.

Nilikuwa nimelipanga lote njiani. Alisilimu, mama, aliswali Ijumaa, kaburi lake limo ndani. Nikainama sikioni nikaanza: mama, nimemwona baba yako. Akatikisa kichwa kama anayefukuza inzi. Hataki! Siku zote hizi za kutapika na kuchimba, na hataki. Alitaka tu kunishika kidole. Akawa anakiminya kila alipokohoa, na kila mara "mama, mama". Sittou akaanza kulia, akatoka.

Mwalimu Soudjay alikuja kumsomea Yasini. Hakuuliza jibu. Sikumpa.

Jumamosi, 21 Julai

Mama amefariki asubuhi. Innaa lillahi.

Tumemwosha sisi wanawake, Koulsoum na mimi na wawili wa jirani. Mwili ulikuwa mwepesi kama wa msichana. Kiunoni lile fundo la leso lilikuwa tupu, maana kifungo ninacho mimi, nimekikamata mpaka kimechora kinubi kiganjani. Wanaume wamemswalia baada ya adhuhuri, wakamchukua.

Nikadhani kazi imekwisha. Hassane amerudi mbio kutoka makaburini, viatu vyote udongo. Wameshafukia. Watu wameketi kulizunguka kaburi, Mwalimu Soudjay anataka kusoma talakini, kumkumbusha maiti atakayojibu akija kuulizwa. Anataka jina. Si la baba. Kwenye talakini maiti huitwa kwa jina la mama yake. Kadidja binti nani?

Tunajua sote kwamba ndivyo inavyofanywa. Kila maziko tunasikia. Hata mmoja wetu hakufikiri.

Nikasema, Mama Kadidja. Hassane akasema, hilo ndilo nalijua na mimi, dada, lakini hilo si jina. Nikamuuliza Koulsoum. Nikauliza wazee wote wa kike waliojaa uani. Mama Kadidja, wanasema. Hivyo ndivyo alivyotajwa, na hakuna aliyemwona, alifia Nosy Be mama akiwa wa kubebwa mgongoni, na mlezi aliyemleta huku amekufa zamani. Nani angemtaja mkubwa kwa jina lake? Adabu yetu hiyo. Imemfuta.

Na Charifa alikuwa nalo mdomoni! Alikuwa anaelekea hapo hapo, mikate, vibarua, ukali wake, na mimi nikamwambia huyo hana shida.

Hassane anasema Mwalimu amesema, likikosekana atasema binti Hawa, kama wasemavyo kwa asiye na kwao, yatosha kwa Mungu. Kwa Mungu yatosha. Kwangu haitoshi. Mwalimu ametaka baba wa mama yangu kwa wiki tatu, sasa amwite kama aliyeokotwa?

Nimemwambia Hassane asubiri. Nimejifungia chumbani kwa mama. Naandika kwa sababu bila kalamu kichwa changu hakiendi. Nimepindua sanduku. Kanga, tasbihi, kisu cha nazi. Jina haliwezi kuwa humu, halijawahi kuandikwa.

Nifikiri. Hassane alimwita Hassane. Sittou alimwita Sittou, akimgombeza na akimbembeleza. Koulsoum, Koulsoum. Mimi? Nimerudi nyuma mwaka kwa mwaka. Akiniita nile. Akiniita nikiwa nimeanguka kisimani. Siku ya ndoa yangu. Alhamisi, kidole changu mkononi mwake.

Hata siku moja sikumsikia mama akisema Echata, jina langu.

Baba ndiye aliyemchagulia Hassane jina. Langu alilitoa mama. Kouraichia na yule mtoto wake mezani — baba, shuka, nakuomba shuka — na mimi nikacheka. Jina la mzazi halitoki mdomoni.

Au ni mapenzi tu. Akina mama wangapi wanawaita binti zao hivyo? Nikikosea, nitakuwa nimemlaza mama yangu kaburini kama mtoto wa mtoto wake, na malaika watamwita kwa jina lisilomhusu.

Hassane anabisha hodi. Anasema watu wako juani, Mwalimu mwenyewe ameketi kwenye udongo, anauliza, binti nani? Anasema dada, umepata?

Nimesimama nyuma ya mlango na daftari. Naweza kulisema, binti Echata. Ni langu, nalijua tangu nizaliwe.

Anabisha tena.