Nondo Iliyobaki Darajani

Iyunga, Mbeya
Desemba 1955

Baba mpendwa,

Leo nakueleza yote, hata yale ambayo Mama amenikataza kuyasema kaburini kwako.

Nimerudi likizo kutoka shuleni Iringa nikakuta daraja letu limefungwa kwa magogo. Bwana injinia amekuja kupima kama chuma kile cha enzi za Mdachi bado kinaweza kubeba malori. Kisipoweza, watu wa ng'ambo watakaa na viazi vyao mvua zote. Kikiweza, Jumatatu lori la kwanza litapita limejaa mawe, na dereva ni kaka Tito. Kajitolea mwenyewe, Baba.

Vijana wako wa kambi ya barabara waliposikia mgeni anakuja, walilipaka daraja zima masizi na mafuta ya nyonyo kama ulivyozoea kufanya, likang'aa kama kichwa cha mtoto aliyenyolewa. Hawakutaka isemwe kwamba tangu ufe kazi yako imelala. Injinia alishika kichwa. Nyufa zote zimezibwa! Ikabidi wakwangue kwa mchanga na magunia.

Kisha nondo mbili zikatolewa darajani, zikawekwa mbili za akiba alizokuja nazo injinia. Ya kwanza ilitundikwa, mawe yakaongezwa chini yake mpaka ikarefuka, ikakatika. Ndani ilikuwa na nyuzi kama muwa. Ya pili haikupewa mzigo mkubwa. Injini ya mashine ya kusaga iliivuta na kuilegeza, kuivuta na kuilegeza, hata tukaizoea kelele yake. Tulikuwa tunakula ilipokatika. Pa! Mnyapara Ambakisye alijimwagia uji. Injinia akaeleza kwamba chuma nacho huchoka, kama ng'ombe wa plau. Hakiangushwi na mzigo wa leo peke yake.

Hata hivyo alifurahi. Zilistahimili kuliko alivyotarajia, na zilizobaki darajani, alisema, ni ndugu zao wa tumbo moja, kwa hiyo zitabeba.

Hapo ndipo nilipoogopa. Siyo zote ni ndugu. Mwaka ule wa mafuriko wewe Baba uliitia moto nondo moja ya daraja, mimi nikikuvutia mvukuto wa kupulizia makaa. Nilikuwa mdogo, moshi umenijaa machoni. Nakumbuka sauti yako tu: "Vuta, mama, chuma hakingoji." Ulikuwa unanyoosha nondo iliyopinda, au ulikuwa unaunga iliyokatika? Sikuona. Ipo upande wa Iringa, chini kabisa. Nimeipapasa mwanzo hadi mwisho, sikuona kiungo. Mkono wako ulikuwa safi mno, Baba, na sasa usafi huo unanitisha.

Nilimwambia Ambakisye. Akacheka: "We mtoto wa fundi! Baba yako akiunga chuma, hata inzi haoni pa kukwama." Halafu akaacha kucheka, akaenda kwa injinia. Injinia akaja, akaigonga, akaitazama kwa kioo cha kukuzia. Alisema hawezi kujua bila kuikata, na akiikata hana nyingine ya kuweka. Aliniuliza mimi, mtoto, kama nina hakika. Nikashindwa kusema ndiyo.

Basi Jumatatu iko palepale. Tito ananitania: "Mdogo wangu, tangu lini kazi ya Baba ikamwangusha mtu?" Mama yuko na beseni uani. Anamfulia shati. Amelifua jana, na leo amelifua tena.

Lala salama, Baba. Nakuahidi, mimi mwanao Sekela, kwamba nisipopata neno kutoka kwako nitasimama mbele ya lori lile, Tito anitukane apendavyo, na wazee wanione sina adabu. Lakini naamini utanijibu. Hukuwahi kunichelewesha nilipokuuliza jambo la kazi. Njoo hata ndotoni, kabla ya Jumatatu, uniambie hili tu: pale motoni, ilikuwa nondo moja, au vilikuwa vipande viwili?