Kiti cha Dirishani

Jumatatu, 3 Machi

Tumerudi kutoka hospitali. Chiriku amelala. Mimi niko jikoni naitazama mizani ndogo ya chakula waliyonipa, kana kwamba itaniuma.

Dawa tatu zimeshindwa. Kifafa kinamwangusha mwanangu nyumbani, njiani, darasani. Sasa daktari anasema tujaribu mafuta. Mafuta! Siagi, krimu, mayai, parachichi, ngozi ya kuku. Mkate marufuku, viazi marufuku, sukari hata kwa dawa. Ati ubongo ukikosa sukari unaendeshwa na mafuta, na kwa watoto wengine kifafa hutulia. Wengine, si wote.

Nikamwambia daktari, baba yake mafuta ndiyo yaliyommaliza. Akasema mtu mzima mwenye moyo mbovu ni habari nyingine, na mtoto watampima damu mara kwa mara. Habari nyingine! Yeye hakuwepo siku ile.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekishusha kikaango cha marehemu kutoka juu ya kabati. Tangu msiba sijakigusa. Lakini ni cha chuma kizito, na ndicho pekee ambacho mayai hayagandi. Kilipopata moto harufu ikajaa nyumba nzima — yeye kabisa! Asubuhi zetu zote. Mimi namnyang'anya ngozi ya kuku, yeye anacheka: mke wangu, mtu hafi kwa utamu. Akafia hapo hapo mezani, kwenye kiti cha dirishani, chai yake bado inafuka.

Nililia huku nageuza mayai. Mama mkwe akaja akasimama mlangoni. "Mwanangu ulimnyima," akasema taratibu. "Huyu unamshindilia." Baadaye akaniomba radhi. Nimemsamehe, lakini limeniingia.

Jumapili, 16 Machi

Chiriku anaziba pua kabla ya kunywa krimu. Choo hapati. Jana katapika kwenye pazia jeupe la mteja, nimelifua na kulifua, bado linanuka. Mshonaji mapazia mwenye nyumba inayonuka siagi, biashara gani hii!

Kaanguka mara mbili wiki nzima. Mbili tu. Sijamwambia mtu. Naogopa kulisema, kifafa kisije kikasikia.

Jumamosi, 12 Aprili

Hajaanguka mwezi huu. Na anaongea! Chiriku tulimpa jina hilo kwa domo lake. Kifafa kikamnyang'anya hata domo. Maana hakikuwa cha kuanguka peke yake. Alikuwa anakatika katikati ya neno, macho yameganda, halafu anarudi hajui alikuwa anasema nini. Sasa anabwabwaja tangu anafumbua macho. Leo kamwambia muuza mayai kwamba masikio yake yamekaa kama ya sufuria. Nilitaka ardhi inimeze. Mama mkwe kacheka mpaka kashika mbavu. Sikumbuki mara ya mwisho nyumba hii kucheka.

Jioni akauliza kwa nini hatukikalii kiti cha baba. Nikasema mguu umelegea. Akasema, "Aa, nilidhani kwa sababu huwa anakaa yeye tukikaanga." Basi, akaendelea na parachichi lake. Mama mkwe akainuka akafunga dirisha, na joto lote lile.

Jumanne, 3 Juni

Majibu ya damu. Mafuta yamepanda, tena sana. Daktari hakunificha. Amesema huwatokea baadhi ya watoto wa lishe hii, na mara nyingi hushuka wakibadilishiwa aina ya mafuta. Lakini kwa historia ya baba yake, anataka kwanza kuongea na daktari wa moyo. Na figo waziangalie, zisiwe zinaota mawe. Turudi Jumanne ijayo.

Dada wa lishe akanifuata hadi kwenye korido. Usibadilishe kitu mwenyewe, mama, hata kijiko kimoja. Kifafa kinaweza kurudi. Nikaitikia kama mtoto wa shule.

Mama mkwe hakuniuliza. Alinisoma usoni tu, akaketi. "Mimi nimeshazika mmoja," akasema.

Alhamisi, 5 Juni

Nikikaanga nasikia kicheko. Si ndoto, nimesimama na mwiko mkononi, mchana kweupe! Kicheko kile kile cha ngozi ya kuku. Nampakulia mwanawe hivyo hivyo. Nikiacha, ataanguka. Nikiendelea — jamani, huyu mtoto hata kucha ni za baba yake. Moyo je?

Jumapili, 8 Juni

Nimeshindwa kungoja Jumanne. Tangu juzi nampa siagi nusu, na kipande cha mkate. Chembamba! Aliuona mkate akaruka ruka. Mama mkwe aliona pia. Mpaka sasa hajaanguka. Huenda nilikuwa najitisha bure.

Naandika hapa hapa mezani, wao wanakula. Mtoto mdomo haufungi. Anasimulia mwalimu wao alivyokalia chaki. Ati akainuka, nyuma kote kweupe, darasa zima likawa —

Kanyamaza.

Anakitazama kiti cha dirishani. Kijiko kiko hewani, yai linadondoka. Nimemwita. Bibi yake kamwita. Hasikii, hapepesi. Nimemshika bega kwa mkono wa kushoto, huu mwingine unaandika tu, sijui kwa nini.

Mama mkwe ananong'ona, kamwona baba yake. Mtoto kamwona baba yake!

Ee Mungu, na iwe kweli. Na awe amekaa pale. Mtu wangu, kama ni wewe, kaa, kaa hapo hapo, ila mwache amalizie —