Hotuba Niliyoiandika Ili Ukwame

Mdogo wangu Kabula,

Mama ameniambia hutaki kuomba ile kazi ya ukalimani Bariadi. Anasema ulimwambia kwenye simu, "Mayu, siwezi kuwasemea watu ambao lugha yao nimeisahau." Alipokata simu alilia. Mimi nilikuwa nachambua choroko, nikaendelea kuchambua. Lakini hukusahau kitu, na anayelijua hilo ni mimi peke yangu.

Unalikumbuka turubai letu la pamba hapa Nkoma? Wewe upande wako, mimi upande wangu, tukitenga pamba safi na fifi, yaani ile chafu. Uliniuliza, "Dada, hii yote inakwenda wapi?" Nikajibu China, kwa sababu ndilo jina lililoandikwa nyuma ya redio ya baba. Ukasema, "Basi na mimi nitaifuata." Nilicheka mpaka nikalalia pamba. Ulipomaliza kidato cha sita zikatangazwa nafasi za masomo kule, na fomu yako niliijaza mimi, maana mwandiko wako ulikuwa kama nyayo za kuku. Siku uliyopata, nyumba nzima ilipiga vigelegele, na mimi nikapiga. Kwenye shajara yangu siku hiyo pana mstari mmoja tu: "Kabula amepata. Mimi nina kidato cha nne na mwandiko mzuri."

Miaka yote uliyokuwa huko nilikuonea wivu kwa utaratibu, kama ninavyofanya kila kitu. Kila picha uliyotuma niliiandika na siku yake: theluji, treni, wewe na koti jekundu. Hapa kijijini jina langu likapotea, nikawa dada wa yule wa China. Mwenyekiti wa chama chetu cha pamba, ambaye barua zake zote naziandika mimi katibu wake, akipata mgeni humwambia, "Huyu mdogo wake anaongea Kichina!" Basi, sifa yangu ikaishia hapo.

Ndipo ikaja habari kwamba Wachina wanataka kununua pamba kwetu moja kwa moja na kujenga kiwanda cha nyuzi Bariadi. Watu wa ubalozi wao wangekuja kijijini, na mkalimani ungekuwa wewe, uliyekuwa umesharudi nchini. Mwenyekiti akaniambia, "Katibu, andika hotuba ya kuwakaribisha. Iwe nzito." Nilipanda basi hadi Kimali, kwa mzee mmoja mfugaji, nikamwomba maneno ya zamani ya kusifia ng'ombe, yale ambayo hata wachungaji wa leo hawayajui. Nilikaa siku mbili na daftari langu. Mama nilimwambia nimekwenda kuulizia mbegu. Maneno hayo nikayajaza katika aya moja ya Kisukuma, katikati ya hotuba ya Kiswahili. Mwenyekiti nilimwandikia maana yake pembeni, kwa sababu naye hakuyajua. Wewe ulipopiga simu kuomba nakala, nikakuambia bado haijakamilika. Ilikuwa mezani mbele yangu.

Ulishuka kwenye gari na suti yako, ukampigia mama magoti palepale kwenye vumbi, ukamsalimia: "Mwadila, mayu." Watu wakashangilia. Ukaanza kutafsiri, na Kichina kikawa kinakutoka kama maji, wageni wanatikisa vichwa kukubali. Kisha mwenyekiti akafika kwenye aya yangu. Ukamwomba arudie, akarudia. Ukaniangalia mimi. Hukuwa unanilaumu, ulikuwa unaniomba msaada, kama zamani ulipokwama kwenye hesabu. Mimi nikaangalia karatasi zangu.

"Kisukuma kakiacha uwanja wa ndege huyo!" jirani yetu mmoja akapaza sauti.

"Mleteeni maziwa ya mgando, labda kitarudi!"

Wakacheka mpaka wazee. Kijana mmoja kati ya wale wageni, yule mwenye miwani, akasimama, akamwomba mwenyekiti amweleze kwa Kiswahili, akamalizia kutafsiri hotuba yote mwenyewe. Wewe ukakaa. Nilifurahi, Kabula. Sitakuficha. Furaha ile ilidumu mpaka wakati wa picha, nilipokuona umesimama nyuma ya wote umeshika mkoba wa mtu.

Jana tulikaa nao kupanga bei. Wageni waliongea wao kwa wao muda mrefu, wengine wakipandisha sauti, kisha yule kijana akatugeukia: "Wanasema sawa." Mwenyekiti akaninong'oneza, "Maneno yote yale ni sawa moja?" Simlaumu kijana, yeye ni wao. Wao wamemsomesha mtu wao lugha yetu. Sisi tulikuwa na mtu wetu mmoja wa lugha yao, na nikamzima mimi. Mkataba utasainiwa baada ya mavuno, na pale mezani hatuna sikio.

Jumamosi wanachama wanakutana. Barua hii nitaisoma mbele yao, kwa sauti, na yule jirani akiwepo. Wakitaka ukatibu wao wauchukue. Mama nimeshamsomea mpaka hapa. Alichukua ndoo akaenda kisimani, na mpaka sasa hajanisemesha. Maombi ya kazi yanafungwa mwisho wa mwezi, na fomu yako safari hii siijazi mimi.

Usidhani wivu umeisha. Nitauona tena siku utakapopita hapa na gari la kiwanda, na nitauandika. Lakini kukuonea wivu ukiwa mbali kumenifanya mtu mbaya. Njoo nikuonee wivu nikikuona.

Dada yako mkubwa,
Minza