Kizibao cha Siku ya Kuhesabiwa

Jumatano, 2 Aprili 2025

Lodwar. Kibali changu cha kutoka kambini kinaisha kesho, kwa hiyo nimekimbia moja kwa moja sokoni. Mureithi, bosi wa timu yetu ya mafuriko, amenipa kazi ya kuchagua nguo – mimi ni fundi cherehani, wengine hawajui pamba na nailoni. Nguo za kazi, bei nafuu, zitakazotufaa maji yakija. Marian, Msomali wa mitumba, amenifungulia belo. Ovaroli za rangi ya chungwa! Nyepesi, zimeshonwa mara mbili, mifuko inatosha tochi na firimbi. Nimelowesha moja kwenye ndoo yake. Imekauka kabla hatujamaliza chai. Marian akasema, "Dada, na hii utaonekana mpaka Uganda." Narudi na moja ya kuonyesha.

Ijumaa, 4 Aprili

Kakuma. Mureithi hata kuigusa ovaroli hakuigusa. Stoo kuna vizibao vya buluu vilivyobaki siku ile wakimbizi walipohesabiwa. Bure! "Watu wanazijua hizo, mama. Watawaheshimu." Nikamwambia ndiyo, wanavijua – wanajua kwamba kizibao hicho kikipita na wewe haupo, jina linakatwa na posho inakwenda. Akaangalia simu yake. Mkutano ukafungwa. Sasa waliniita nichague nini?

Jumanne, 8 Aprili

Kizibao kinabana, kinanyonya jasho, hakikauki. Kimeshachanika kwapani. Nimekishona huku nalaani. Jirani yangu Hamdiya alikiona kwenye kamba, akaja mbio: "Mama Christian, mnahesabu lini?" Hatuhesabu, ni ya mvua hiyo. Hakuamini. Mama yake mzee anakaa ng'ambo ya laga, ule mto mkavu, kwa dada yake, juu kule karibu na msikiti, na anaogopa tutamruka. Ameondoka amenuna. Miaka yote tunakopeshana chumvi, leo mimi ni mtu wa kuficha mambo. Kwa sababu ya nguo ya bure!

Jumatatu, 14 Aprili

Naandika shuleni.

Hapa halijadondoka hata tone. Imenyesha milimani, upande wa Uganda, na laga yetu – asubuhi mchanga mkavu, watoto wanachezea mpira – imeanza kuteremsha maji. Tumetumwa kuwatoa watu wa bondeni, waje huku shuleni kwenye mwinuko. Tukavaa vizibao. Tukapiga firimbi.

Wakakimbilia nyumbani! Wengine walikuwa wameshafika huku, sokoni, salama kabisa. Walipotuona wakavuka kurudi, kutafuta kadi, wakasimame mlangoni. Nikapiga kelele, "Maji! Maji inakuja!" Mzee mmoja akanijibu, "Sawa, andika kwanza." Nikavua kizibao. Mwanamke wa kitenge tu, nani anamsikiliza? Hakugeuka hata mmoja. Nikakivaa tena. Nikadanganya, kwa sauti yote niliyopewa: "Kuhesabiwa ni shuleni! Sasa hivi! Mwenye hatafika hahesabiwi!"

Walikuja. Mungu wangu, walikuja wote, maji magotini, watoto mabegani, kadi kwenye meno. Mureithi akanipiga bega, ati si unaona vest zinafanya kazi. Nilitaka kumtemea mate.

Hamdiya alifika miongoni mwa wa kwanza, alikuwa karibu. Akaniuliza kama kadi ya mama yake inatosha. Sijafungua mdomo, mstari mzima ukamjibu: kila mtu mwenyewe, ndiyo sheria. Akavua ndala. Nilimwita. Nilimwita kwa jina lake, nikamshika mtandio, ukabaki mkononi mwangu. Mama yake yuko juu, maji hayamfikii hata kidogo! Yeye ndiye aliyeingia majini, kwa neno langu.

Sasa laga inanguruma. Haivukiki. Simu yake haipatikani.

Wamejipanga vizuri, kadi mkononi, wanasubiri kuandikwa. Sijawaambia. Nikiwaambia hakuna kuhesabiwa watarudi makwao, na makwao sasa ni maji. Kwa hiyo nimekaa mezani na kalamu, nimevaa buluu, najifanya naandika majina yao. Hamdiya aliacha ndala zake kwenye mstari, ndivyo tunavyoshikiana nafasi hapa. Wa mbele wanasogea. Mama aliye nyuma anazisukuma ndala kwa mguu, taratibu, ili mwenzake asipitwe.