Kitambaa Ninachokivaa Kabla ya Kuingia Nyumbani

Mpendwa Shangazi,

Naomba unisome hadi mwisho ndipo unikaripie, maana kukaripiwa najua nitakaripiwa tu. Mimi ni mama wa mtoto mmoja, binti wa miezi kumi na minne ambaye nyumbani tunamwita Kibonge, na kazi yangu ni kushona mapazia. Miezi mitano iliyopita nilikuwa nashuka ngazi za nyumba tunayopanga, Kibonge nimembeba mkono wa kushoto na beseni la nguo nimelishika mkono wa kulia, ngazi zenyewe nilikuwa nimetoka kuzipiga deki, na wifi yangu, dada wa mume wangu ambaye anaishi nasi, alikuwa ameshaniambia, "Wifi, acha hilo beseni nitalileta mimi," nami nikamjibu kwamba nina haraka. Nikateleza. Niliangukia bega la kulia na nikausikia mfupa ukikatika, na mtoto alikuwa juu ya kifua changu analia, mzima, hana hata mchubuko.

Hospitali wakasema mtulinga, huu mfupa unaotoka chini ya shingo hadi begani, umevunjika vipande vitatu na hautaunga wenyewe. Nilitia sahihi fomu kwa mkono wa kushoto kama mtoto wa chekechea, nikapewa nusu kaputi, nikaambiwa nihesabu, nikafika nne, na nilipozinduka nilikuwa na bamba la chuma na skrubu saba, swali langu la kwanza likawa mtoto yuko wapi. Yuko kwa wifi. Tangu siku hiyo yuko kwa wifi. Daktari alinikataza kubeba kitu kizito kuliko birika la chai, wiki sita nililala nimeegemea mito, mkono umening'inizwa shingoni kwa kitambaa, nilivalishwa, nilichanwa nywele, mume wangu akinifunga vifungo na kuniita Mama Chuma mpaka nacheka huku machozi yananitoka, kwa sababu hata kucheka kuliuma. Wifi ndiye aliyemwogesha Kibonge, akamlisha, akambembeleza. Mwanzoni mtoto alikuwa akininyooshea mikono, wakawa wanamwondoa haraka asije akanigonga kwenye nyuzi, na baada ya muda akaacha kuninyooshea.

Sasa Shangazi ndipo naingia kwenye lenyewe. Miezi miwili iliyopita nilikwenda kliniki peke yangu, daktari akatazama picha akasema mfupa umeunga vizuri, vua kitambaa, kambebe mwanao. Nikarudi nyumbani nikasema daktari kasema bado. Sijui nilipata wapi ulimi ule. Tangu hapo kazini natumia mikono yote miwili, nabeba hadi marobota ya mapazia ya ukumbini, lakini nikikaribia nyumbani nasimama nyuma ya duka la dawa, natoa kitambaa mkobani, nakifunga shingoni, natia mkono ndani, ndipo naingia. Naogopa kumbeba, Shangazi. Kila nikimwona anakuja naiona ile ngazi. Wiki iliyopita alipiga hatua zake za kwanza, nne, pale sebuleni, akanipita mimi niliyekaa karibu akaenda kwa wifi, naye wifi akapiga vigelegele, kisha akanitazama akavikatisha.

Wifi ni mwalimu na amehamishiwa shule ya mji mwingine, anaondoka Jumapili ya wiki ijayo. Yeye na mume wangu, kwa kunihurumia, wamepanga aende na Kibonge kwa mwaka mmoja, mpaka nipone. Wifi ni mtu mwema, ameharibikiwa na mimba tatu, na sijawahi kumwona mwenye furaha kama sasa. Waliponiuliza niliitikia kwa kichwa. Nguo za mtoto zimeshaanza kukunjwa, na nimezikunja mimi, kwa mkono mmoja kwa kuwa walikuwa wananiangalia. Labda yuko salama zaidi kwa mtu asiyemwangusha. Nifanye nini?

Mshona Mapazia


Mshona Mapazia mwanangu,

Pole. Pole ya mfupa, na pole kubwa zaidi ya zile hatua nne. Nilipomaliza kukusoma niliiweka barua mezani nikaenda kuchemsha chai, maana ningekujibu papo hapo ningekupayukia.

Umedanganya, tena miezi miwili mfululizo. Umemdanganya mwanamume aliyekufunga vifungo. Mbaya zaidi, umemwacha wifi yako azidi kumzoea mtoto ambaye itabidi amrudishe, wakati wewe mwenyewe unajua amekwisha kulia mara tatu kwa mimba zilizoharibika. Hilo limeniudhi kuliko beseni. Kila jioni unayosimama nyuma ya lile duka unamwongezea machozi mwenzako.

Na beseni pia ulikosea. Ngazi mbichi, mtoto huku, mzigo kule, na mtu ameshajitolea kukusaidia! Usirudie. Lakini hebu isome barua yako kama mimi nilivyoisoma. Mtu akiteleza huachia kila kitu ajikinge kwa mikono. Wewe mkono wa kushoto haukuachia. Bega lako lilifika chini, mtoto akabaki juu ya kifua chako. Hukumwangusha, mama. Ulianguka naye, ukawa chini yake. Mfupa wako ulivunjika vipande vitatu na yeye hakupata mchubuko, na hayo mawili yalitokea kwa pamoja. Sasa unaniambia mikono hiyohiyo haifai kumbeba, na huku inabeba marobota?

Mumeo akirudi leo, weka hicho kitambaa mezani mbele yake. Sema, "Daktari aliniruhusu miezi miwili iliyopita. Niliogopa." Atakasirika. Mwache akasirike, usimlilie ili akuhurumie. Kisha zungumza na wifi wewe mwenyewe, usimtume kaka yake. Usianze na "naomba mwanangu." Anza na asante, na uimalize. Halafu mwombe akuonyeshe anavyomlaza, upande gani, wimbo gani, kwa sababu hayo anayajua yeye na wewe huyajui.

Nenda pia kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo umweleze hiyo hofu, asidhani ni bega tu. Nyumbani kaa sakafuni, mgongo ukutani, mikono yote miwili wazi. Kibonge atakupita. Kesho atakupita tena. Wewe kaa hapohapo. Siku atakayokuegemea mbebe ukiwa umekaa, na siku nyingine ndipo usimame naye. Ngazi mshuke wifi akiwa mbele yako mara ya kwanza, mkono mmoja mtoto, mwingine umeshika ukingo, na beseni libaki juu.

Jumapili msindikize wifi yako hadi kituoni, na mtoto umbebe wewe. Basi likianza kuondoka atamlilia shangazi yake kwa sauti yote aliyonayo, atakusukuma, na dirishani utamwona wifi naye analia. Itakuuma kuliko zile skrubu. Usimpe mtu mwingine akunyamazishie. Mweke begani, hilohilo la kulia, alie hapo mpaka achoke.

Shangazi