Murija wa Papai, Murija wa Kalamu

Posho, siku ya sita, 12/4/1975
Salongo tena, kazi ya lazima ya Serikali. Walimu na wanafunzi, mawe toka bondeni mpaka shuleni, ngazi makumi ine. Mimi na tumbo langu la miaka makumi ine na saba tulibeba beseni moja. Ngazi ya ishirini nikasimama, mikono juu ya magoti. Citoyen Bagalwa, prefe wa nidhamu, akapiga filimbi, akasimamisha watu wote. «Angalieni muwalimu wenu wa biolojia. Anafundisha mapafu, yeye mwenyewe hana.» Akashika saa yake. Dakika sita mpaka pumzi yangu kurudi. Akazitangaza. Watoto wakacheka. Hata mie nilicheka kidogo, ndiyo ubaya wangu.
Nyumbani sikukula.

Siku ya kwanza, 14/4
Sasa naitwa Papa Muvukuto, kama ule wa mufua chuma. Wameandika kwenye ubao, na mwandiko muzuri kabisa. Namuchukia Bagalwa. Naandika tena nione kama itapunguka: namuchukia. Haipunguki.

Siku ya tatu, 16/4
Kila mwaka darasa la sita tunafanya jaribio la pumzi. Mwanafunzi anapanda ngazi mbio, pua imebanwa na kibanio cha nguo, anapumua kwa murija wa jani la papai tu. Huko juu anapuliza ndani ya chupa. Tunaingiza mushumaa, tunahesabu. Mwili ukiisha kunyonya oksijeni nyingi, mushumaa unakufa haraka. Kisha anapanda mwingine na kalamu tupu, kile kitundu kidogo. Hewa inaingia kidogo, mwili unaikamua mpaka tone la mwisho. Mushumaa hata hausalimie.
Na kazi haiishii juu. Ukitoa murija, mwili unaendelea kudai ile oksijeni ulinyimwa njiani. Unahema, unahema, na umekaa tu. Hiyo sehemu naipenda tangu zamani. Leo niliipenda kwa sababu ingine.

Siku ya tano, 18/4
Nilimwendea Bagalwa na adabu zote. Watoto wanaogopa, Citoyen, inahitajika mutu mwenye kifua. Alikubali mbele nimalize kusema. Alichezaga mupira, hakosi kutukumbusha.
Ile sheria ni yake mwenyewe: ndani ya uwanja wa shule hakuna kufungua abacost, lile koti letu bila tai, kifungo cha shingo kinafungwa. Mwezi uliopita aliazibu muwalimu mwenzetu kwa kifungo kimoja. Mangaribi yote nilikiwaza kile kifungo, kwa mapendo.
Nimesukuma kalamu tupu ndani ya murija wa papai, nikaziba pembeni na nta. Kwa inje ni papai.

Siku ya pili, 22/4
Bagalwa alianza mbio kama kijana. Ngazi ya kumi na tano, akapunguza. Ya makumi mbili na tano, shingo ikavimba juu ya kola. Macho yake yaliniuliza kitu. Mie nilikuwa nahesabu ngazi, kwa sauti nzuri ya katekista. Angeweza kutupa kibanio. Angeweza kufungua kifungo. Watoto walikuwa wanaangalia, hakufungua.
Alifika. Alipuliza. Mushumaa ukazimika hapohapo. Nikatoa murija, ndipo mambo ikaanza. Alikaa kwenye ngazi, mudomo wazi kama samaki sambaza juu ya meza ya soko. Dakika tano. Munane. Midomo ikageuka rangi. Ya kenda nilimufungua kifungo mie mwenyewe. Ya kumi na moja akaweza kusema: «Asante, Citoyen.»
Nikatangaza: kumi na moja. Hakuna aliyecheka. Walikuwa na woga.
Mie nilikuwa na furaha. Mpaka sokoni kule Kadutu, furaha. Nilinunua hata nyama.

Siku ya ine, 24/4
Bibi ya Bagalwa, Maman Furaha, alikuja nyumbani. Bwana yake ameandika barua ya kuacha kazi. Analala ameketi. Baba yake alikufa na kifua, sasa anasema zamu yake imefika. «Papa, weye unajua mapafu. Imebakia muda gani?»
Nilimupa chai. Nilisema nitaangalia.
Kuko sehemu ndani yangu ilisema: aipeleke tu, ile barua. Naiandika hapa ili nisiseme kesho kama haikuwako.

Yenga, siku ya Mungu, 27/4
Kisha misa nilimukuta ofisini, shule tupu. Barua ilikuwa juu ya meza. Nikaweka murija pembeni yake, nikatoa kalamu ndani, mbele ya macho yake.
Alipuliza katika papai. Alipuliza katika kalamu. Barua akaikunja, akaitia mufukoni. Kisha akanipa kalamu na kibanio, akaonyesha ngazi.
«Funga kifungo, Papa Muvukuto.»
Nilifunga. Nilishuka, nikapanda zote makumi ine. Huko juu sikuona tena ziwa, lile tunaona kila siku toka shuleni. Nilijua tu kama nimekaa, na yeye amekaa karibu, saa mukononi. Kisha nikasikia vidole vyake kwenye shingo yangu, kifungo kikaachia.
Kumi na saba. Alinionyesha saa nisibishane. Alikuwa na furaha sana, na sikuwa na hewa ya kumutukana.
Akafungua kifungo chake pia. Moshi wa Kadutu ulikuwa unapanda polepole. Tulibakia pale tunapumua. Saa alishaiweka mufukoni.